ISTILAHI ZA MCHEZO WA VITA VYA MEZANI: JESHI LA WAAZTEKI NA JESHI LA VUGA

1. Utangulizi

Mwalimu mmoja anayefundisha somo la historia huko Zirai, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, alituletea barua pamoja na daftari lililoandikwa kwa mkono. Katika daftari hilo alikuwa amefasiri kanuni za mchezo wa kigeni uchezwao juu ya meza kwa sanamu ndogo ndogo za wapiganaji, na orodha ya kuundia jeshi la Waazteki, watu waliotawala sehemu kubwa ya Meksiko ya kati kabla ya kuja Wahispania. Nia yake ilikuwa wanafunzi wafinyange jeshi hilo kwa udongo, kisha wafinyange jeshi la pili, la watawala wa Vuga wa karne ya 19, ili kwa kucheza wajifunze jinsi majeshi ya kale yalivyoundwa, yalivyokwenda na yalivyoshindwa. Alituomba jambo moja tu: tumsahihishie istilahi.

Tulidhani kwamba hiyo ni kazi ya siku chache. Maneno ya vita katika Kiswahili ni mengi, na mengi yake ni ya zamani. Walakini tulipoanza kazi tuligundua kuwa orodha ya jeshi ni maelezo ya jamii nzima kwa ufupi. Humo mna nani aliitwa vitani na nani alikwenda kwa hiari yake, nani alilipwa, nani alibeba mizigo, nani alipewa heshima na kwa tendo gani. Neno moja likikosewa, hata udongo ukifinyangwa vizuri namna gani, mwanafunzi atakuwa amefinyanga jeshi jingine. Makala haya yanaeleza maneno tuliyoyapima, tuliyoyakubali na tuliyoyakataa, na kosa moja ambalo sisi wenyewe tulilifanya na mwalimu huyo akatusahihisha.

2. Mchezo wenyewe na asili yake

Mchezo tunaouzungumzia huchezwa na watu wawili au zaidi. Kila mmoja ana jeshi la sanamu, zilizobandikwa juu ya vipande vyembamba vya ubao. Meza hugeuzwa kuwa nchi: kitambaa cha kijani ni mbuga, vipande vya maboksi ni vilima, ukanda wa samawati ni mto. Wachezaji husogeza majeshi yao kwa zamu, wakipima mwendo kwa rula, na mapambano yanapotokea hutupa dadu ili kuamua nani amerudi nyuma na nani amesimama.

Asili yake ni mafunzo ya maafisa wa kijeshi. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aitwaye Georg von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa namna hiyo kwa ajili ya kufundishia uamuzi vitani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kilichouingiza mchezo huo majumbani mwa raia. Kuanzia mwaka 1969 Wargames Research Group ya Uingereza ilitoa kanuni za vita vya kale, na mwaka 1990 zikatoka kanuni za De Bellis Antiquitatis, ambazo zililipunguza jeshi zima hadi vipande kumi na viwili tu. Upungufu huo ndio uliomvutia mwalimu wetu, kwa kuwa jeshi la vipande kumi na viwili linaweza kufinyangwa na darasa moja katika muhula mmoja.

Yafaa tukumbuke kwamba kuiga vita kwa mchezo si jambo geni kwetu. Bao lenye mashimo 32 na kete 64 ni mapambano ya pande mbili, nalo lina msamiati wake kamili. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika, iliiga gwaride na vyeo vya jeshi, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilikuwa na majemadari na makapteni wa kuchezea. Hali kadhalika sanamu ndogo za udongo zilitumiwa kama vifaa vya mafunzo. Mwaka 1956 Hans Cory alichapisha kitabu juu ya sanamu zilizotumiwa katika mafunzo ya jando na unyago katika Tanganyika, zikiwemo za watu wa Usambara. Kwa hiyo mwalimu anayewafundisha vijana wa Zirai kwa sanamu za udongo halegezi mila, wala hahitaji kuomba radhi kwa yeyote.

3. Maneno ya mchezo

Utaratibu uliozoeleka katika kuunda istilahi nchini ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho kabisa katika lugha za kigeni. Katika maneno ya mchezo hatukulazimika kutoka nje ya hatua ya kwanza.

Sanamu yenyewe mwalimu aliiita kinyago. Neno hilo lina uzuri wake, lakini kwa wasomaji wengi kinyago ni kazi ya kuchonga katika mti, tena mara nyingine hutajwa kwa dhihaka. Mwanasesere ni cha kuchezea watoto wadogo, na vijana wa sekondari wangekikataa. Tunapendekeza kisanamu, wingi visanamu. Tunafahamu kwamba neno sanamu huwakumbusha baadhi ya watu ibada iliyokatazwa. Lakini kiambishi ki- kinapunguza ukubwa wa kitu na kuonyesha wazi kuwa kinachosemwa ni chombo cha kufundishia.

Kipande kinachobeba visanamu tumekiita kibao. Kitako na kikalio yalipendekezwa, nasi tukayaacha kwa sababu ambazo kila mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya darasa la vijana atazielewa. Kibao kimoja si mpiganaji mmoja, bali ni kundi zima. Ndiyo maana kanuni husema kibao kimesonga, kibao kimerudi, na wala si kisanamu kimesonga.

Neno kete, ambalo mwalimu alilitumia kwa sanamu, tumelihamisha. Kete za bao zote ni sawa, haitambulikani hii na ile. Visanamu hutofautiana kwa silaha na kwa vazi. Hivyo kete ibaki kuwa jina la alama ndogo zinazowekwa kando ya kibao kuonyesha uchovu au hasara. Dadu na zamu hayana ubishi. Umbali ambao kibao huruhusiwa kwenda katika zamu moja ni mwendo. Pande za safu ni ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Neno mrengo tumeliacha kwa kuwa siku hizi limetwaliwa na siasa. Kibao kilichowekwa nyuma kisubiri ni akiba.

Lililotusumbua ni neno la ule uthabiti unaomfanya mpiganaji asikimbie. Kanuni huupa namba, na namba hiyo hupimwa kwa dadu. Wengine walisema moyo, wengine ujasiri. Tumechagua ari kwa namba yenyewe, kwa maana ari ni ya kundi kama ilivyo ya mtu mmoja. Lakini kibao kinaposhindwa kipimo hicho, lugha yetu tayari ina usemi wake, nao ni kuvunjika moyo. Haukuwepo ulazima wa kuunda mwingine.

4. Jeshi la Waazteki

4.1 Nani ni askari?

Katika daftari la mwalimu kila mtu aliyeshika silaha aliitwa askari. Hili ndilo lilikuwa kosa la kwanza kubwa. Askari katika Kiswahili ni mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo: askari jeshi, askari polisi, hata askari wa mlango wa benki. Dola ya Waazteki, iliyoundwa mwaka 1428 kwa muungano wa miji mitatu ya Tenochtitlan, Texcoco na Tlacopan, haikuwa na jeshi kubwa la watu walioajiriwa. Wengi wa wapiganaji wake walikuwa wakulima na mafundi. Walifundishwa silaha ujanani katika nyumba za vijana, wakaitwa vitani, na vita vikiisha wakarudi mashambani.

Kwa watu hao Kiswahili kina neno mgambo. Zamani mgambo ulikuwa wito wa hadhara, nasi tungali tukisema kuwa la mgambo likilia lina jambo. Baadaye jina la wito likawa jina la walioitwa. Najua baadhi ya wasomaji watasema kuwa mgambo wa leo huwaza zaidi wafanyabiashara wa kando ya barabara kuliko adui, na hoja hiyo tumeisikia. Hata hivyo maana ya msingi, yaani raia aliyeitwa kwa zamu kutoka kazi yake, ndiyo hasa inayotakiwa, na haifai kulitupa neno zuri kwa sababu ya matumizi yake ya muda. Kwa jumla basi tunasema wapiganaji. Walioitwa ni mgambo.

4.2 Makundi na hesabu

Waazteki walihesabu kwa ishirini: 20, kisha 400, kisha 8,000. Kundi kubwa kabisa la vita, la watu 8,000, liliitwa kwa neno ambalo maana yake ya kawaida ni mfuko. Mwalimu alitumia platuni, kombania na brigedi. Tumeyaondoa. Maneno hayo ni halali katika jeshi la kisasa, na mwanafunzi akiyasoma ataona mbele yake mabuti na redio. Mmoja wetu alipendekeza korija, kwa kuwa korija ni ishirini. Tulicheka, kisha tukakubaliana kwamba nguo na boriti huhesabiwa kwa korija, na binadamu siye. Tumebaki na kikosi cha ishirini, kikosi cha mia nne na kikosi cha elfu nane.

Jambo la maana zaidi ni kwamba watu wa mtaa mmoja walipigana pamoja chini ya bendera yao. Neno mtaa latufaa bila kupungua. Kwa hiyo vibao vya mgambo vitaitwa kwa mitaa yao, na kila kimoja kitapakwa ngao za aina moja, ili macho yatambue kile ambacho kanuni inakieleza.

4.3 Vyeo vya mateka

Katika jeshi hili heshima haikupatikana kwa kuua, bali kwa kuteka. Kijana aliyemkamata adui akiwa hai alipandishwa cheo, na kwa kila mateka aliyeongezeka alipewa vazi jingine. Mchoro wa mavazi hayo umehifadhiwa katika kitabu cha picha kiitwacho Codex Mendoza, cha katikati ya karne ya 16, kilichoko Oxford. Kwa aliyeteka wawili limechorwa vazi la kubana mwili na kofia ndefu yenye ncha.

Tulijaribu kunyambua mteka, wingi wateka, tukaacha, maana masikio ya leo yatasikia habari za utekaji nyara. Tunapendekeza maneno ya wazi: mwenye mateka mmoja, mwenye mateka wawili, hadi wanne. Kutokana na hili, kanuni isiseme kwamba kibao kimeuawa. Kisemwe kimeondolewa. Mwanafunzi atakayesoma kuua kila ukurasa hatafahamu kwa nini Waazteki walipata taabu kubwa mbele ya Wahispania, ambao hawakuja kuteka mtu mmoja mmoja kwa ajili ya vazi.

Juu ya ngazi hiyo kulikuwa na mashujaa wa tai na mashujaa wa mnyama ambaye mwalimu alimwita chui. Huyo si chui. Ni jagwa, mnyama wa Amerika. Tofauti hii si ya wataalamu wa wanyama peke yao, kwa maana madoa ya jagwa yana nukta ndani yake, na ya chui hayana. Kijana wa Zirai, mzawa wa milima yenye chui, ataweka madoa anayoyafahamu, na kisanamu chake kitakuwa cha nchi nyingine. Wengine, walionyoa kichwa na kubakiza shungi, waliojifunga kwa kiapo wasirudi nyuma, tumewaita wenye shungi.

4.4 Silaha na mavazi

Silaha kuu ya mkono ilikuwa ubao mgumu uliopachikwa kingoni vipande vikali vya jiwe la kioo, lile litokalo katika volkeno na ambalo pia hupatikana karibu na Naivasha. Mwalimu aliandika upanga. Upanga ni chuma, na Waazteki hawakuwa na chuma. Tukisema rungu, tutapoteza makali yake. Hapa tuliona ni lazima kukopa. Lugha ya Waazteki, yaani Kinahuatl, ina maneno mengi yaishiayo kwa sauti tl, ambayo sisi hatuna mwishoni mwa neno. Neno chokoleti, linalosadikiwa kutoka huko kupitia Kihispania, linatuonyesha njia: tl imekuwa ti. Kwa kufuata njia hiyo silaha hii ni makwawiti.

Kifaa cha mti cha kurushia mikuki midogo kwa nguvu zaidi hakihitaji mkopo. Jina lake ni kirushio, na msomaji atalifahamu bila maelezo. Fulana nene ya pamba iliyoshonwa kwa matabaka, iliyozuia mishale vizuri hata Wahispania wakaiga kuivaa, mwalimu aliiita deraya. Deraya ni ya chuma. Watu wa pwani wanajua kizibao, nguo isiyo na mikono ivaliwayo juu ya kanzu. Basi hiki ni kizibao cha pamba. Teo, upinde, mkuki na ngao yabaki kama yalivyo. Waliobeba chakula, katika nchi isiyokuwa na farasi wala punda, ni wapagazi, neno ambalo historia ya misafara yetu imelipa uzito unaostahili.

4.5 Jina la watu na la mtawala

Watu wa Tenochtitlan walijiita kwa jina ambalo, tukifuata matamshi yake, lingekuwa Wameshika. Msomaji ameshaona tatizo: sentensi ya kwanza ya kanuni ingesema Wameshika wameshika mikuki. Tumebaki na Waazteki, ambalo limezoeleka vitabuni. Mtawala wao aliitwa kwa neno lenye maana ya asemaye. Mwalimu aliandika mfalme. Tungelikubali, lakini jeshi la pili lilitulazimisha kufikiri upya, kama tutakavyoona.

4.6 Kuliunda

Mpango wa mwalimu, baada ya marekebisho, ni huu. Kibao kimoja cha mtawala na walinzi wake. Vibao viwili vya mashujaa wa jagwa na wa tai. Kimoja cha wenye shungi. Sita vya mgambo wa mitaa. Viwili vya watangulizi wenye teo na pinde. Jumla ni vibao 12. Kila kibao cha watu wasimamao bega kwa bega kina visanamu vinne, na kila kibao cha watangulizi, ambao hutawanyika, kina viwili. Jumla ni visanamu 44.

Urefu wa kisanamu ni sentimita 5, yaani mtu wa sentimita 170 amepunguzwa mara 34. Uhusiano huo wa vipimo tunauita uwiano, na huandikwa 1:34. Mikuki isifinyangwe kwa udongo, kwa maana udongo mwembamba hupasuka unapokauka. Njiti za ufagio zinatosha. Ngao hukatwa katika kibuyu, manyoya ni ya kuku, rangi ni mkaa, chokaa na udongo mwekundu. Kabla ya kuchomwa, kisanamu kikauke kivulini siku kadhaa, la sivyo kitapasuka motoni.

5. Jeshi la Vuga

Ufalme wa Wakilindi, ambao masimulizi yanaueleza kuwa ulianzishwa na mwindaji Mbegha, ulifikia upeo wake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Richard Burton na John Speke walifika Februari 1857. Burton aliandika kwamba Kimweri alikuwa na watu 400 wenye bunduki, ambao aliwaita Waengrezi, yaani Waingereza.

Hapa mfasiri ana mtego mbele yake. Akiandika Waingereza, wanafunzi watafinyanga Wazungu wenye makoti mekundu. Akiandika wapiga bunduki, ataifuta habari nzuri kuliko zote: kwamba mtawala wa milimani, kabla ya ukoloni, alilichukua jina la taifa la mbali akawapa watu wake kama cheo. Tumeliacha neno kama lilivyoandikwa, Waengrezi, kwa maelezo mafupi. Silaha yao ni gobori, nalo ndilo neno la bunduki ya kushindiliwa kwa mbele. Neno gumegume ni sahihi kwa ile ya jiwe la kiberiti, lakini leo limekuwa tusi kwa mwanamume asiye na kazi, na darasa lisingetulia. Baada ya kufyatua, kibao cha magobori hutumia zamu moja kushindilia.

Mtawala wa Vuga aliitwa Simba Mwene. Watawala wa Kikilindi walio chini yake tumewaita mazumbe, kwa neno la Kisambaa, na wala si machifu wala watemi. Ndipo tulipoona kwamba tukimwita huyu kwa jina lake la heshima na yule wa Tenochtitlan tukamwita mfalme tu, tumempendelea wa nyumbani. Tumetumia kipimo kimoja kwa wote wawili: Simba Mwene na tatoani.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Baada ya kifo cha Kimweri, mjukuu wake Shekulwavu alirithi Vuga. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kando ya njia ya misafara na kupata bunduki kwa biashara hiyo, alimpiga vita. Katika vurugu hizo, mwishoni mwa miaka ya 1860, Wabondei, wakiwa wameelewana na Shekulwavu, waliinuka dhidi ya mazumbe wa Kikilindi katika nchi yao, wakawaua wengine na kuwafukuza wengine. Vita hivyo vinaitwa Kiva. Katika rasimu yetu ya kwanza tuliandika, bila kufikiri sana: jeshi la Wakilindi na jeshi la waasi.

Mwalimu alijibu kwa heshima, lakini kwa uwazi. Alisema kwamba darasani kwake wamo vijana ambao bibi zao ni Wabondei na wengine ambao babu zao ni Wakilindi, na wapo wenye vyote viwili. Neno waasi, alisema, lingemaliza kesi kabla dadu halijatupwa. Alituuliza pia kama tungewaita waasi watu wa Tlaxcala, waliojiunga na Hernán Cortés kupigana na Waazteki. Hatukuwa tumewaita hivyo. Tulikuwa tumefanya jambo jingine: tumewasahau. Orodha ilisema jeshi la Wahispania, ilhali Tenochtitlan ilipoanguka tarehe 13 Agosti 1521 Wahispania walikuwa mamia, na Watlaxcala na wenzao walikuwa maelfu kwa maelfu.

Tulirudi kwenye kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Habari za Wakilindi, kilichotolewa upya mwaka 1962, ambacho ni hazina ya Kiswahili cha habari hizi. Mwandishi aliishi karibu na watawala wa Kikilindi, na ni haki kumsoma kwa kukumbuka hivyo. Mwasi ni neno la yule aliyebaki katika kiti. Mkombozi ni neno la yule aliyekitoa. Kanuni ya mchezo si mahali pa kuamua kati yao; inatakiwa tu iseme nani alisimama upande gani. Kwa hiyo tumeandika upande wa Semboja, na upande wa Shekulwavu na Wabondei. Jina Kiva tumeliacha pekee, bila kulitafsiri. Na kwa Meksiko tumeandika jeshi la Wahispania na Watlaxcala.

6. Kanuni tunazopendekeza

Kutokana na kazi hii tumepata kanuni tatu ambazo, tunaamini, zitamfaa mfasiri yeyote wa maandishi ya historia.

Ya kwanza: kitu kikifanana kwa umbo na kwa kazi, kipewe jina la Kiswahili lililopo. Mtaa, mgambo, kizibao na teo ni mifano.

Ya pili: kitu kisipofanana, au kikiwa cheo chenye mila yake, kikopwe na kurekebishwa kwa sauti zetu, wala kisifunikwe kwa neno la karibu. Makwawiti si upanga, na jagwa si chui.

Ya tatu: pande mbili za vita zipimwe kwa kipimo kimoja. Ikiwa upande mmoja una vyeo vyake, mwingine nao upewe. Na neno lenye hukumu ndani yake lisitumiwe kuwa jina la jeshi.

7. Orodha fupi ya istilahi

Akiba: kibao kilichowekwa nyuma ya safu ili kitumiwe baadaye.
Ari: namba ya uthabiti wa kibao, ipimwayo kwa dadu.
Gobori: bunduki ishindiliwayo kwa mbele.
Kete: alama iwekwayo kando ya kibao kuonyesha uchovu au hasara.
Kibao: kipande kinachobeba visanamu na kuwakilisha kundi moja.
Kirushio: kifaa cha mti cha kurushia mikuki midogo.
Kisanamu: sanamu ndogo ya mpiganaji.
Kizibao cha pamba: fulana ya vita ya matabaka ya pamba.
Kuondolewa: kutolewa mezani kwa kibao kilichoshindwa.
Kushindilia: zamu itumiwayo kujaza gobori baada ya kufyatua.
Kuvunjika moyo: hali ya kibao kilichoshindwa kipimo cha ari.
Makwawiti: silaha ya ubao yenye makali ya jiwe la kioo.
Mgambo: wapiganaji walioitwa kutoka kazi zao za kawaida.
Mtangulizi: mpiganaji atawanyikaye mbele ya safu.
Mwendo: umbali wa kibao katika zamu moja.
Tatoani: mtawala wa mji wa Waazteki.
Uwiano: uhusiano wa kipimo cha kisanamu na cha mtu halisi.
Zumbe: mtawala wa Kikilindi chini ya Simba Mwene.

8. Hitimisho

Yako maneno ambayo bado hatujaridhika nayo. Mtangulizi humfanya msomaji afikiri juu ya aliyekuja zamani, si juu ya aliyekimbia mbele ya safu kuchokoza. Kisambaa, Kibondei na Kizigua huenda zinalo neno bora, na katika hilo wazee wa milimani ni wataalamu kutupita sisi wenye shahada. Tunawaomba walimu na wafasiri walio karibu nao wawaulize, na majibu watuletee.

Mwalimu wa Zirai ameturudishia daftari likiwa limenakiliwa upya. Katika ukurasa wa kwanza ameorodhesha vibao 12 vya upande mmoja na 12 vya upande wa pili, na chini yake ameandika kwamba kila mwanafunzi atacheza mara mbili, akibadilisha upande. Hilo hatukulishauri sisi. Tungependa kuliona katika kila kitabu cha kanuni.